Sahani ya Mwisho ya Kaka

Wifi yangu alikuwa anazibembeleza tena zile seli. Kafungua kabati la joto la maabara, kashika ile sahani ya plastiki kwa mikono miwili, anaisemesha: "Mmelala salama?"

"Wifi, rudisha hiyo kabla sijakasirika."

"Kwani ni lini hujakasirika?"

Ndani ya sahani mlikuwa na seli za uvimbe wa kaka yangu, mume wake, tuliyemzika. Mwenyewe alikubali zichukuliwe, maana mimi na wifi tunafanya kazi kwenye maabara hiyo hiyo. Sahani nyingine zote ziliingia ukungu. Hii ndiyo iliyobaki, na mkuu wetu alisharuhusu niijaribie dawa yangu. Wifi hataki kusikia. Anazibadilishia chakula hata siku isiyo zamu yake, na ukimsogelea anakuwa mbogo.

Sasa nisikilizeni, maana nimechoka kueleza. Seli ikivamiwa na kirusi hupiga kelele kuita kinga ya mwili, na ikizidiwa hujiua ili iokoe jirani zake. Kirusi hiki kishenzi, kilichomletea kaka uvimbe, kinalijua hilo. Kinatengeneza vijipande vya RNA, ile kemikali inayobeba maagizo ya seli, ila hivi ni vifupi mno, visivyojenga chochote. Kazi yao ni kudaka maagizo ya seli kabla hayajasomwa. Agizo la kupiga kelele, limedakwa. Agizo la kujiua, limedakwa. Seli inabaki hai, inazaana, shingo ya kaka yangu inavimba mpaka hawezi kumeza maji. Dawa yangu inavinasa hivyo vijipande, basi, agizo lipite.

"Hizo unazozilisha ndizo zilizomnyonga," nikamwambia.

"Ni yeye. Ndiye aliyebaki."

"Yeye yuko kaburini! Acha upuuzi!"

"Una roho mbaya wewe."

"Ninayo, tena ya kutosha."

Nikaikamata sahani. Tukavutana pale mbele ya kabati, watu wazima wawili wenye makoti meupe, aibu tupu. Mwishowe akaachia. Hakukubaliana nami, aliogopa tu isimwagike. Nikatia dawa mbele ya macho yake. Kutwa nzima kazi yake kunikata jicho kila nikipita.

Asubuhi nikaiweka sahani chini ya hadubini. Seli zilikuwa zinasinyaa, zinavunjika vipandevipande, moja baada ya nyingine. Agizo limefika! Nilitamani kupiga vigelegele. Nilikuwa nimezichukia seli zile kuliko nilivyowahi kumchukia binadamu yeyote.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Wanakufa?"

"Zinakufa."

"Haya, furahi basi. Si ndicho ulichotaka?"

Nikafungua mdomo nimpe jibu lake. Nikajikuta nimeinamia ile sahani, nasema kwa sauti ndogo, "Pole, kaka. Pole sana, kaka yangu. Vumilia kidogo tu, inaisha."