Betri ya Baba

Baba yangu, Mzee Kimeli, ana mashine kifuani, ndogo kama kiberiti, inayoukumbusha moyo wake kupiga. Miaka kumi iliyopita alianguka zizini hapa Kapseret, tukamfikisha hospitali hana fahamu, na mimi nikatia sahihi awekewe. Sasa ana tisini na moja, betri inaisha, na daktari amenipa fomu nyingine ya kuibadilisha. Nimeshaijaza, imebaki sahihi tu. Eti nimwache baba yangu azimike? Thubutu!

Jumamosi tulikuwa tunampa jina mtoto wa Kipkirui, kijana wa marehemu kaka yangu. Kwetu mtoto huitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja moja, na akipiga chafya, basi huyo aliyetajwa ndiye amerudi. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, maziwa yanachemka polepole, na sauti za wamama zilisikika kwa mbali ingawa tulikuwa tumebanana. Tukaita, tukaita. Mtoto kimya. Ndipo shangazi Jeruto, ambaye uzee umemchanganya, akaita jina la baba.

Mtoto akapiga chafya.

"Shangazi! Huyo yuko hai!" nikafoka.

Hakuna aliyecheka. Baba alikuwa ameketi mlangoni, macho nusu yamefumba, anatabasamu.

"Kumbe nimeshafika," akasema.

Niliwaka. "Baba, wacha hizo. Jumatatu tunaenda hospitali."

Tukaenda. Daktari akasoma fomu, akaniangalia. "Na mzee mwenyewe anasemaje?"

Haki ya Mungu, sikuwa nimemuuliza. Mara ya kwanza hangeweza kujibu, na hii ya pili sikutaka kusikia jibu. Nikamgeukia, aibu imenishika. "Baba, unataka betri?"

Akageukia dirisha, akatazama wingu likipita juu ya mabati ya mji.

"Ungeniuliza ile siku, ningekataa," akasema. "Na singemwona Kipkirui akioa, wala huyu mtoto wake. Ulifanya vizuri. Asante sana."

Roho yangu ikatulia. Nikachukua kalamu.

"Lakini leo umeniuliza," akasema, akiufunika mkono wangu kwa wake. "Nimechoka, Jepkemboi. Hapana."

Nilimkasirikia, wacha niseme ukweli. Nilimkasirikia mpaka machozi yakanitoka mbele ya daktari. Kisha nikairudisha kalamu mezani, nikamfunga baba vifungo vya koti, tukaenda nyumbani.