Kipukuchuo Kilichotafutwa Kama Ng'ombe

Kashindye wa Bujiku hakuwa mjinga, na atakayemwita hivyo ajiandae kugombana na mtu. Alikuwa fundi, na fundi ana haki ya kulijua jambo moja vizuri na mengine akayabahatisha. Jambo alilolijua Kashindye, kuliko hata useremala wake, lilikuwa ng'ombe. Ndipo yalipoanzia mambo.

Mwaka ule wa sabini na sita alitengeneza kifaa cha kupukuchulia mahindi. Kilikuwa kipande cha gogo kilichotobolewa katikati, misumari imepigiliwa kwa ndani, na pembeni kina mkono wa kuzungushia uliotokana na pedeli ya baiskeli iliyokwisha kufa. Unachomeka hindi juu, unazungusha, punje zinamwagika chini na gunzi linatoka tupu. Akakiita kipukuchuo. Mkewe Roza, aliyechubuka vidole kila msimu tangu aolewe, alijaza debe zima kabla chai haijapoa, kisha akakaa akivitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

Mwingine angeridhika hapo. Lakini Kashindye alikuwa na donda moyoni. Yeye na ndugu zake walikuwa wamehamia Usangu na mifugo yao kutoka Usukumani, na katika mkutano mmoja wa kijiji mzee mmoja alisimama akasema, "Hawa wa kuja wametuletea nini zaidi ya kwato na vumbi?" Watu wakacheka. Kashindye naye alicheka, maana ukichekwa mkutanoni na wewe ukanuna umekwisha. Ila usiku ule hakulala. Sasa alitaka hati ya uvumbuzi yenye jina lake na mhuri wa Serikali. Angeiweka mezani mkutanoni, asiseme neno, akae chini.

Maombi ya hati hizo yalipokelewa na Ndugu Gideoni, karani katika ofisi moja mjini Mbeya, ambaye aliyapeleka Dar es Salaam. Kashindye alikwenda mara ya kwanza kuulizia ombi lake, akaambiwa limepokelewa. Mara ya pili aliambiwa linashughulikiwa. Mara ya tatu alimkuta karani ana mafua, hana hamu ya kusema.

"Kuna jambo limesalia, ndugu. Ufanyike uchunguzi," alisema Gideoni akipenga kamasi. "Tuwe na hakika hakuna aliyekutangulia kutengeneza kitu kama hicho. Ukikamilika, urudi."

Kashindye alitoka ofisini anatabasamu. Kumbe ni hilo tu! Mtu aliyelelewa zizini afundishwe kutafuta?

Kwao ng'ombe akipotea, mwenyewe huenda boma kwa boma, na kila afikapo hutaja alama zote: rangi, pembe, mkato wa sikio, hata kovu la chini ya tumbo. Hafichi hata moja. Ukificha alama, watu watasema unatafuta ng'ombe wa mwenzako. Basi Kashindye akanunua daftari la shule na kidau cha wino, akakifunga kipukuchuo chake kwa kitenge cha Roza, akaanza safari.

Alianzia bomani kwao Usangu, akaenda Chimala, akapita Soweto pale Mbeya, akafika Mbalizi. Akarudi na barabara kuu hadi Makambako, akapanda mpaka Iringa, ambako baridi ilimkuta na shati moja. Kila mahali alisalimu, akafungua kitenge, akauliza swali lake: "Ndugu zangu, mmepata kuona kitu kama hiki?"

"Hatujapata!" watu walijibu.

"Kitazameni vizuri, msije mkanijibu kwa haraka." Akakizungusha mbele yao. Akakipindua. Akakifungua wakaona ndani, akawahesabia misumari. Maseremala walipima tundu kwa vidole na kurudia vipimo kwa sauti. Pale Iringa mhunzi mmoja mwenye adabu sana alimsalimu kwa Kihehe, "kamwene," mara tatu, akamwomba akifungue tena, na tena, ili asije akatoa ushahidi wa uongo. Kashindye akafurahi kukutana na mtu mwenye kumcha Mungu.

Kila aliyesema hajaona aliweka dole gumba kwenye daftari. Baada ya miezi miwili yalikuwa madole mia mbili na kumi na manne, na Kashindye akalipeleka daftari Mbeya amelikumbatia.

Gideoni, safari hii mzima wa afya, alifungua ukurasa baada ya ukurasa. Taratibu uso wake ukabadilika.

"Ndugu Kashindye. Hawa wote umewaonyesha?"

"Mpaka misumari ya ndani."

"Wote?"

"Na wengine waliokuwa wanapita. Hao walikataa wino."

Gideoni akafunga daftari, akalifunika kwa viganja vyote viwili. "Ndugu yangu, uchunguzi unafanyika kwenye vitabu, kule Dar es Salaam, kimya kimya. Kitu cha kupewa hati lazima kiwe kipya, hakijaanikwa mbele ya watu. Wewe umeniletea mashahidi mia mbili na kumi na wanne kwamba kinajulikana kuanzia hapa mpaka Iringa."

"Sasa kitu kinatafutwaje kimya kimya?" Kashindye aliuliza, na hakuwa anatania.

Karani alisema tu kwamba ombi litafungwa, na kwamba anasikitika. Na kweli alisikitika, maana alimsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo makarani hawalifanyi.

Kashindye alikwenda Mbalizi kwa miguu. Shemeji yake Limbu alikuwa huko mnadani na ng'ombe, na walikuwa wameahidiana kurudi pamoja. Njia nzima aliumia. Hakuiwaza hati, alikiwaza kile kicheko cha mkutanoni.

Kabla ya kufika mnadani alisikia mlio anaoujua, akasimama. Uani kwenye nyumba moja mama wa makamo alikuwa anapukuchua mahindi. Gogo lile lile, pedeli ile ile. Hata msumari wa tatu ulikuwa umepinda kushoto, kama wake uliompindia kwa bahati mbaya siku aliyoazima nyundo mbovu.

"Mama, hodi. Hicho umekipata wapi?"

"Karibu, baba. Mimi ndimi mama Atuganile. Hiki? Hiki ni cha kwetu hapa hapa Mbalizi. Cha tangu wazee."

"Tangu wazee?"

"Mama mkwe wangu kakikuta. Ninyi wa kuja hamwezi kukijua." Akamsogezea kigoda. "Jaribu."

Hasira zilimpanda Kashindye mpaka masikioni. Alifungua mdomo ataje alama zote. Lakini zikamjia pamoja na kitu kingine, furaha ambayo hakuiomba: miezi miwili tu, na mwana wake huyu wa gogo alikuwa amekwisha kuwa mwenyeji, ana mababu kabisa. Akakaa, akachomeka hindi, akazungusha.

"Aa, siyo hivyo!" Mama Atuganile alimshika mkono. "Unakwenda kasi mno, mgeni. Na ule msumari uliopinda uufuate, ndio siri yake. Wazee hawakuupinda bure."

"Ndiyo, mama," alisema Kashindye, macho yamemjaa machozi. "Nifundishe."