Upande Mmoja wa Mpira

Kabatesi alimlea mrushaji wa kriketi bila kuujua mchezo wenyewe. Alichokijua yeye ni suruali.

Mjukuu wake Ganza alibaki mikononi mwake mama yake alipofariki, mtoto hata meno hajamaliza kuota. Akakua mrefu kama mlingoti, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Kisha shuleni kwao hapa Gisenyi akaja mwalimu mmoja aliyekulia Uganda, ana gongo moja la kriketi la plastiki na maneno mengi. Mwalimu yule alipoitazama mikono ya Ganza akacheka kwa furaha, akamwambia, "Hii mikono yote miwili nitaipatia kazi."

Tangu hapo kila wiki suruali nyeupe ilirudi nyumbani na doa jekundu pajani, mguu wa kulia, mahali palepale. Mara ya kwanza Kabatesi alipiga yowe.

"Yewe! Nani amekukata?"

"Haiko damu, Nyogokuru. Ni rangi ya mupira. Naufutia pale ili ung'ae."

Basi akawa analisugua doa lile kwa sabuni, suruali inakwenda nyeupe inarudi nyekundu, wala hakumnung'unikia hata siku moja. Ganza alipochukuliwa Kigali kwenye timu ya taifa, na baadaye klabu ya Uingereza ilipomwajiri, Kabatesi aligundua jambo ambalo hakulitarajia. Alikuwa analitamani lile doa. Angeamka Jumatatu, angeteka maji, angekaa mbele ya beseni, na ndani mna nguo zake mwenyewe tu.

Kitu kimoja Ganza alimwachia. Kigali, katika mechi moja, aliwatoa wapigaji watano peke yake, na wenzake wakamkabidhi mpira ule uwe wake. Akampelekea bibi yake kwa mikono miwili. "Unitunzie huu," alisema.

Kabatesi akautunza. Aliufunga kwenye kipande cha kitenge, akauweka kabatini pamoja na Biblia na sahani za wageni. Kila Jumapili akitoka kanisani alikaa mlangoni, akaufungua, akautia samli kidogo, akausugua. Upande mmoja ulikuwa unang'aa tangu ulipokuja. Wa pili ulikuwa umechakaa, una mikwaruzo kama kisigino cha mkulima. Upande ule ulimtia haya. Mgeni akiuona atasema nini? Kwa hiyo aliuhudumia kuliko ule mzuri, mwaka baada ya mwaka, mpaka pande zote mbili zikawa sawa, nyororo, unaweza kujiona uso.

Jambo lililokuwa likimuuma ni hili: hakuwahi kumwona Ganza akirusha mpira, si kwa macho yake mwenyewe. Barabara ya Kigali na kona zake ilimshinda. Alikwisha kujaribu, akateremshwa njiani hajiwezi kwa kutapika, na mama mmoja asiyemjua akashuka naye, akamshikia paji la uso, akapoteza tiketi yake kwa ajili yake. Uingereza ndiyo usiseme. Bahizi, kijana wa jirani aliyevua sambaza, dagaa wa ziwa letu, alikuwa akija na simu yake kumwonyesha.

"Ona, mama. Ile kitu nyeupe inakimbia, njo Ganza."

"Iko wapi?"

"Pale! Ah, amesha kurusha."

Kila mara ilikuwa hivyo. Alikuwa amesha kurusha.

Sasa Ganza alikuwa amerudi. Mgongo ulipasuka mfupa, madaktari wakamwambia kasi imekwisha, na klabu ikamuaga kwa keki. Alirudi na begi moja na sweta la sufu, akakaa uani akilitazama ziwa. Kabatesi alikuwa ameomba miaka yote arudi. Mungu alikuwa amemrudishia mwili, na roho ameiacha huko kwenye majani ya watu. Alikula vizuri, alichota maji bila kutumwa, alimwitikia kila mtu. Lakini mtu akitaja kriketi aliinuka na kwenda kufanya kitu kingine. Na Jumatatu alikuwa anaondoka tena. Shule moja ya Dar es Salaam ilikuwa imemwita afundishe watoto.

"Utawafundisha kwa mudomo?" Bahizi alimuuliza. Ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazae, na Bahizi hakuwa na kazi ila kupita kwa majirani.

"Kwa mudomo. Mi sirushe tena."

"Hata moja ya kuonyesha?"

"Bahizi, we unaweza kuvua sambaza nusu?"

Kabatesi alikuwa anachambua mboga. Aliinamisha kichwa. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshaingia ukungu, na la kulia lilikuwa linaanza. Alitaka kusema, mwana wangu, nirushie mmoja tu nikuone. Lakini mtu aliyevunjika mguu humwombi akuchezee ngoma. Akaona afadhali amwonyeshe jinsi alivyoitunza amana yake. Labda kitu hicho kitamfurahisha.

Ijumaa, baada ya chai, aliutoa mpira kwenye kitenge, akampa.

Ganza aliupokea kwa heshima, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Kidole chake cha gumba kilikuwa kinatafuta kitu juu ya ngozi, hakikipati.

"Nyogokuru," alisema polepole, "huu upande mubovu ulienda wapi?"

"Niliutengeneza!" Kabatesi alisema kwa furaha. "Ilinichukua miaka. Ulikuwa unatia haya kabisa."

Ganza alimweleza, bila ukali, kama anavyoelezwa mtoto. Kwamba mrushaji wa aina yake anang'arisha upande mmoja tu na kuuacha wa pili uchakae. Upepo unapita vizuri upande laini, unajikwaa upande wenye mikwaruzo, na hapo mpira unapinda wenyewe hewani. Ndiyo sababu doa lilikuwa paja moja. Ile mikwaruzo ilikuwa ni mechi yenyewe, kila kishindo cha siku ile. Mpira laini pande zote unaenda moja kwa moja tu, kama jiwe.

"Donc, kumbe nimeifuta mechi yako," Kabatesi alisema.

"Haiko kitu, Nyogokuru. We uliifanya na roho muzuri." Akauweka mpira juu ya benchi, taratibu mno, akatoka, akashika njia ya ziwani.

Kabatesi alibaki amekaa. Alizifikiria zile Jumapili zote, moja baada ya nyingine, na samli yake. Miaka yote alikuwa akizifua zile suruali, doa liko mguu mmoja, na hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Akanyanyuka. Nyuma ya nyumba, penye ndoo ya kuogea, palikuwa na jiwe lake la kusugulia visigino, jeusi, jepesi, lenye vitundu, la yale yaliyotemwa na mlima wa moto. Kila mwanamke wa mji huu analo. Akaketi mlangoni, mpira mapajani, akaanza kusugua. Ngozi ya mpira ni ngumu. Jiwe liliteleza kwa ajili ya samli. Alilipaka majivu, akaendelea. Unga mwekundu ukamwangukia kwenye kitenge.

Kivuli kikasimama mbele yake.

"Nyogokuru, unafanya nini?"

"Nairudisha."

"Mechi hairudi."

"Mechi ilishaenda, najua. Nairudisha mikwaruzo."

Ganza aliangalia. Aliona vidole vya bibi yake, vilevile vilivyochubuka kwa sabuni zamani, na alipotaka kusema aache, jambo jingine likamtoka mdomoni.

"Hapana, haiko vile. Unagusa mushono. Mushono usiuguse, inapaswa ibaki imesimama." Akachuchumaa. "Leta. Unasugua hivi, kutoka huku. Na usimalize sana. Hapa, hapa. Upepo utajikwaa muzuri."

Wakafanya kazi pamoja, yeye ameshika mpira, bibi ameshika jiwe. Ganza akausugua ule upande mwingine pajani. Suruali yake ya kawaida ikapata doa. Kabatesi aliliona, akatazama pembeni.

Vidole viwili vya Ganza vilikuwa vimeshakaa juu ya mshono, vyenyewe, bila kuitwa.

"Bahizi!" aliita kwa sauti. "Lete kasia yako!"

Walikwenda kwenye uwanja wa kuanikia sambaza, mtupu kwa sababu ya ziwa kufungwa, udongo wake umekanyagwa na wanawake mpaka ukawa kama saruji. Vijiti vitatu vya meza za kuanikia vikasimamishwa upande mmoja. Bahizi akasimama mbele yavyo na kasia, miguu imepanuka kama anayesubiri kumdaka mbuzi.

"Na kama inanipiga ku meno?"

"Una meno mingi," Ganza alisema. "Sitarusha na nguvu. Nguvu imeisha."

Akamshika bibi yake mkono, akampeleka upande wake wa uwanja, mahali anaposimama mwamuzi. Akavua sweta, akampa kwa mikono miwili.

"Mwamuzi anashikilia sweta ya murushaji. Ni kawaida ya muchezo. Kule kulikuwa muzee mumoja, Jack. Alikuwa anaona mi natetemeka na baridi, njo anaiweka ndani ya koti yake, ku kifua. Nikimaliza kurusha, ananirudishia iko na moto."

Kabatesi hakumjua Jack. Alimwombea palepale, kwa jina. Kisha akaliingiza sweta ndani ya kitenge chake, kifuani, akalikumbatia.

Ganza akarudi nyuma, si mbali. Akaanza kukimbia, na Kabatesi akamsikia kabla hajamwona: pumzi, nyayo, kisha mwili mrefu ukampita karibu sana hata upepo wake ukamgusa shavu. Mkono ukapanda. Haukukunjika. Ulizunguka mzima, umenyooka, juu, juu kabisa, mkono ule ule uliokuwa ukining'inia bila kazi, na ulipofika kileleni ukaachia.

Mpira ukaenda kuelekea magoti ya Bahizi. Bahizi akainua kasia. Halafu, katikati ya hewa, pasipo mtu wala kitu, ukageuka. Kabatesi aliuona kwa jicho lake la kulia: ukageuka kama sambaza anavyogeuka akiona taa, ukampita Bahizi, na kijiti cha mwisho kikaruka.

"Mana yangu!" Bahizi alipiga kelele. "Ilikata kona! Mama, uliona? Hii mutu ni mulozi!"

"Niliona," Kabatesi alisema. "Niliona."

Ganza alirusha tena, na tena, kila mmoja polepole kuliko uliotangulia, na Bahizi akatukana kila mmoja, na mara moja akaupiga kweli, ukaingia ziwani, akavua shati akaufuata. Mwishowe Ganza aliweka mkono kiunoni na kusimama. Alirudi akitembea kama mzee, na uso wake ulikuwa wa yule mtoto wa shule.

Kabatesi akalitoa sweta kifuani. Lilikuwa la moto. Akamvisha mwenyewe, kichwa kwanza, kisha mkono mmoja mmoja.

Jumatatu alimsindikiza hadi kituo cha basi. Bahizi alibeba begi. Ganza hakuuchukua mpira. Aliuweka mkononi mwa bibi yake, akakibonyeza kidole cha bibi kwenye ngozi laini.

"Upande huu tu," alisema. "Ule mwingine uuache. Nitauhitaji nikirudi."

"Utarudi lini?"

"Likizo, Nyogokuru."

Suruali yenye doa aliisahau juu ya kamba. Kabatesi hakuifua. Jumapili, akitoka kanisani, alikaa mlangoni, akakifungua kitenge, akatafuta kwa kidole gumba mahali mshono unapopita, na kuanzia hapo akasugua upande mmoja.