Mwambieni Mara Moja

Baba alikufa Nyabiondo, kabla vita havijatushusha mpaka Shasha, na mama mwenyewe ndiye aliyemwosha. Lakini tulipofika kambini alianza kumwulizia.

"Callixte iko wapi? Chakula yake inapoa."

Nililelewa kutowadanganya wazazi, basi nilimjibu ukweli: baba alikufa, mama. Hapo mama alivua kitambaa cha kichwa, akaanguka chini, akalia kama mjane wa siku ileile. Juma lililofuata aliuliza tena, nikajibu tena, akafiwa tena.

Kwetu kilio kikisikika huulizi. Unabeba kuni, unakwenda kukaa na waliofiwa. Majirani wa kambi walikuja, kila mmoja na kuni zake, na Shasha kuni hazipatikani bila jasho. Mara ya kwanza waliimba mpaka jua likazama. Mara ya pili walitazamana. Baadaye Mama Anastasie, ambaye hema lake linagusana na letu na ambaye hajawahi kuona haya kusema neno, aliniambia waziwazi:

"Aimée, huyu papa yenu anakufa sana."

Nilicheka. Kisha nilikwenda nyuma ya hema nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Wengine walianza kunong'ona kwamba mama amelogwa. Ndipo Dokta Floribert alipokuja kutoka Goma na tableti yake. Ndani yake mlikuwa na programu ya kuwasaidia madaktari kupanga matunzo ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Sikuipenda. Iliuliza maswali ya watu wenye nyumba. Je, mgonjwa hupotea njia ya kwenda kwake? Nikamwambia dokta kwamba sisi wote tumeipoteza hiyo njia. Je, hufunga mizigo bila sababu? Nikamwonyesha mahema: nani hapa analala bila kufunga mzigo? Dokta alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaanza kuniuliza kwa namna yetu. Je, mama bado anajua kuchagua maharage? Anajua wimbo gani? Anamwita nani?

Aliandika pia walio hai na waliokufa. Baba, amekufa. Archange, mdogo wangu, yuko hai. Alikuwa akisafirisha kwa pikipiki bidhaa za mfanyabiashara mmoja wa Butembo, kutoka Walikale mpaka Hombo. Programu ikatoa mpango, dokta akanisomea. Akimwulizia marehemu, msimsahihishe, mwacheni amsimulie. Mpeni kazi ya mikono. Na kwa kuwa alikuwa anakataa kuoga, asikilizishwe sauti ya mtu anayempenda aliye hai kabla ya kuletewa maji.

Archange akatuma sauti yake kwenye simu yangu: "Mama, ni mimi. Unawe, uvae muzuri. Niko nakuya na ndizi."

Mama alicheka, akaninyooshea mikono nimwoshe. Nikayameza yote niliyokuwa nimeyasema juu ya tableti. Tangu hapo akimwulizia baba, nilimwuliza mumewe alikuwa anapenda nini, naye akanisimulia jinsi alivyomtongoza kwa mbegu za viazi. Vilio vikakoma. Archange alituma sauti mpya kila alipopata mtandao, na mama aliijibu simu kana kwamba imekaa naye jikoni. Vita vilikuwa palepale, lakini ndani ya hema letu tulikuwa na amani.

Kisha Archange alisimamishwa msituni na watu wenye bunduki kabla ya kufika Hombo, wakamwua. Alizikwa hukohuko, hatukumwona. Tajiri wake alinipigia simu mwenyewe, akashindwa kumaliza maneno.

Niliuma kitenge ili mama asinisikie. Dokta alipokuja nilimshika mkono.

"Dokta, usiguse jina lake. Aikale muzima mule ndani."

"Dada, nikiidanganya, nayo itatudanganya sisi," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu.

Akaligusa, akaandika: amekufa. Sauti ya Archange ikafutika kwenye mpango wa asubuhi mbele ya macho yangu, na hapo ndipo nilipoamini kwamba amekufa. Maneno mengine yakatokea: Mwambieni mara moja, kwa maneno mafupi, akiwa na mtu anayempenda. Mwacheni alie. Akisahau, msimwambie tena.

"Ni vile," alisema Mama Anastasie kutoka mlangoni. "Mama hawezi kukosa kilio ya mutoto wake."

Nilimwambia mama asubuhi, nikiwa nimekumbatia magoti yake. Hakuanguka.

"Alikuwa amekula?"

"Alikula, mama."

Akavua kitambaa, akalia polepole mpaka usingizi ukamchukua.

Kilio tulikiweka mbele ya hema la Mama Anastasie, mama asije akaamka katikati ya watu. Watu walikuwa wanaimba nilipomwona anakuja. Alikuwa amefunga kitambaa vizuri, na mikononi alibeba kuni. Zilikuwa kuni zetu wenyewe, za chini ya chungu chetu. Akazilaza pamoja na za wengine, na wimbo ukakatika.

"Poleni. Nimesikia kilio, nikasema siwezi kubakia. Ni nani amekufa?"

Watu waligeuza nyuso. Hata Mama Anastasie alitazama chini.

"Ni kijana," nilisema.

"Aï! Kijana! Na mama yake? Munionyeshe mama yake, nimushike mukono."

Nilitaka kumwambia. Alikuwa na haki ya kumlilia mwanawe, na mwanawe alikuwa na haki ya kuliliwa na mama yake. Niliichukia tableti ile, nikamchukia na dokta, na bado niliyatii maneno yao.

"Hajafika, mama."

"Basi nitamungojea."

Akaketi kwenye mkeka kando yangu, akanishika mimi mkono. Kiganja chake kilikuwa na vumbi la kuni.

"Miye pia niko na kijana, iko Walikale," aliniambia kwa sauti ya chini, asiwaumize waliofiwa. "Asubui anatumaka sauti. Leo ametuma?"

"Leo hapana, mama."

"Atatuma."

Kisha, kwa kuwa watu walikuwa wamenyamaza na kilio hakinyamazi, akaanzisha wimbo yeye mwenyewe, na watu wakaitikia.