Mkwe Aliyebariki Nyavu

Habari hii nilipewa na Krešo mwenyewe, mwaka juzi mwezi wa tisa, alipokuja kurudisha sufuria yangu kubwa. Alikaa kizingitini, akala nusu sahani ya tini zangu, akanieleza yote.

Krešo ni mtu wa bara, Slavonia, kwenye mahindi na nguruwe. Alimwoa Perina, binti wa jirani yangu Bepo, na kila kiangazi huja kisiwani kwetu. Mwaka ule walikuja na kitoto chao cha kwanza, Franka, wa miezi saba. Krešo mwenyewe ana adabu mpaka inachosha. Mama yake alimlea hivyo: kwao hata ng'ombe akishakamuliwa huambiwa asante.

Sasa, kwetu mtoto wa kwanza huzungushwa kwa mashua siku ya Mtakatifu Roko, toka gatini hadi kule kwenye mnara wa taa na kurudi, na anayepiga makasia ni baba yake. Sanamu ya Roko iko kanisani kwetu, kanzu imepandishwa kuonyesha kidonda cha paja, mbwa miguuni. Mashua ilikuwa ya Bepo, na Bepo alishasema: hakuna atakayeshika makasia yake kabla hajavua naye angalau asubuhi moja. Kama mkwe hafai, Vicko yupo, binamu wa Perina, na mabega anayo. Krešo alimjua huyo Vicko na mabega yake. Kumwona akimzungusha mtoto wake ni jambo lililomkaa kooni kama mwiba.

Basi siku tatu kabla ya sikukuu akaamka alfajiri, akashuka gatini na shati safi, akamkuta mzee anapanga nyavu. Akamwambia kwa moyo mweupe, "Mungu akubariki, baba, upate samaki wengi."

Bepo akazitazama nyavu, akamtazama mkwe. Akaifunga mashua kamba tena, akapanda nyumbani kulala.

Perina ndiye aliyemweleza mumewe, huku akimbadilisha mtoto nepi. Mvuvi wa huku hatakiwi heri. Bahari ina masikio. Ikisikia baraka inaficha samaki wote. Mvuvi hutukanwa, na unayempenda sana unamtukana sana. Marehemu mama yake Perina alikuwa akimfokea Bepo mpaka mashua itoke bandarini, na walikula samaki miaka thelathini.

Krešo akasema, "Siwezi kumtukana baba yako."

"Basi Vicko ataweza."

Mchana kutwa Krešo akafanya mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Kesho yake akashuka gatini na karatasi mkononi. Wavuvi wakaacha kazi wasikilize. Akasoma, "Baba, nyavu zako zioze, tafadhali."

Hiyo tafadhali iliharibu kila kitu. Walicheka mpaka mmoja kiko chake kikamdondokea majini. Bepo alikwenda peke yake, akarudi na ngisi mmoja, tena ngisi mwenyewe mgonjwa, na kiatu. Mezani kile kiatu alikiweka karibu na sahani ya mkwe.

Siku iliyofuata ni sikukuu ya Bikira, havui mtu. Ikabaki alfajiri moja tu, ya Roko mwenyewe.

Na Franka akachagua kuota jino. Krešo alizunguka naye chumbani mpaka kukapambazuka. Mtoto kufumba macho tu, Bepo huyo, anapita chini ya dirisha na ndoo zake, anapiga mluzi kama anaita mbwa. Franka akaamka, akaanza upya.

Krešo akafungua dirisha. Karatasi hakuwa nayo.

"Wewe kibuyu kitupu," akasema, na gati zima likasikia. "Leo usipate hata magamba. Nyavu zikunase wewe mwenyewe, uning'inie humo kama soseji, na huyo Roko wako anayepandisha kanzu aonyeshe paja, aje na mbwa wake akukojolee."

Don Ambroz, padri wetu, aliyekuwa anafungua kanisa, alianza kutafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake.

Bepo akaweka ndoo chini. Akalamba midomo kama mtu anayeonja divai.

"Hilo la mbwa," akasema, "hata marehemu hakulifikia. Shuka. Viatu uache huko huko, mashua nimeipaka rangi."

Walirudi na samaki mpaka chini ya mbao za kukalia. Baada ya misa Vicko alibeba sanamu ya mtakatifu kwa mabega yake, ndiyo kazi yake, na Krešo akamzungusha binti yake. Alikwenda upogoupogo kama mlevi anayetafuta mlango, akagonga boya mara mbili, lakini alifika. Franka alilala safari nzima.

Mchana tulikula wote, samaki wa sufuria yangu na divai ya Bepo, kisha jua likamwangusha kila mtu. Perina alilala na mtoto chini ya mzabibu. Bepo alijinyoosha kwenye benchi, kofia usoni. Krešo alibaki akipuliza malengelenge ya viganja.

"Kesho alfajiri," kofia ikasema. "Usichelewe, mla mahindi."

Krešo akafikiri. "Uzame, baba."

"Na tafadhali yako?"

"Uzame nayo."

Kofia ikaanza kukoroma. Krešo alitaka kucheka, lakini usingizi ukamwahi.