Dawa ya Kizunguzungu

Kambale alimpenda mkewe kwa mikono miwili, na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Tangu homa imwachie Daniella sikio la kushoto lililoharibika kwa ndani, hakuruhusiwa kutembea peke yake pale nyumbani Ediofe. Akisimama, kiwiko kimeshikwa. Akitaka maji, yameshaletwa. Akisema nyumba inazunguka, Kambale huyo na vidonge vya kizunguzungu na mkeka. Mwanamke aliyezoea kushuka lori Koboko na robota la vitenge kichwani sasa alitunzwa kama yai, na alichukia.

Kisha Kambale akakata shauri: mwisho wa mwezi, kibanda cha vitenge cha sokoni Koboko atakichukua binamu yake Serge. Kibanda hicho Daniella alikijenga kwa jasho lake mwenyewe. Hakulia. Alipanda boda, akamkumbatia dereva asianguke, akaenda hospitali kwa Candia, mama anayefundisha wagonjwa mazoezi.

"Sikio moja iko nasema kweli, ingine iko naongopa," Candia alimwambia. "Ubongo yako itajua nani muongo, lakini lazima iwasikie mara mingi. Ukilala, itajua nini? Hizo vidonge zilisaidia siku za kwanza. Sasa zinalalisha ubongo. Acha. Tembea, geuza kichwa, yumba."

Kumbe dawa ya moto ni moto. Daniella akaanza kuutafuta ugonjwa ule ule alioukimbia. Alikodolea macho kalenda ya ukutani huku akitikisa kichwa kulia na kushoto, hata Kambale akadhani anakataa chakula. Alitembea uani akigeuza shingo, akagonga ukuta, akatapika, akaendelea. Majirani walisema mke wa Kambale ameanza pombe. Waseme. Wiki zilivyopita, aliugonga ukuta mara chache zaidi.

"Baba Annie," akamwambia mumewe, "nitavuka soko ya Koboko na robota kwa kichwa. Nikishindwa, Serge achukue."

Siku ya kuvuka soko ilipofika, alitembea vizuri, shingo imenyooka, Kambale nyuma yake na mikono tayari. Alipokaribia kibanda, Serge, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimwona na kumwita kutoka kulia, "Shemeji."

Daniella akageuka ghafla. Ardhi ikainama, naye akaenda chini pamoja na vitenge vyake. Soko likacheka. Kambale akaruka kumwinua.

"Baki hapo hapo," Daniella alimwambia akiwa bado chini. Aliona aibu, lakini hakuogopa. Akainuka mwenyewe, akajitwika robota, akarudi hatua chache nyuma. "Serge, niite tena."

"Shemeji, utaanguka."

"Niite."

Serge akaita kwa sauti ndogo. Daniella akageuka, akayumba, mguu ukawahi kumkinga. Akasimama. "Tena," akasema. Serge akaita, naye akageuka, akayumba kidogo tu.

Kambale alitazama, mikono ikimwasha. Miezi yote hiyo alikuwa akimzuia asitikisike. Sasa akaiweka mikono mgongoni, akazunguka, akasimama upande wa pili, ule wa sikio bovu.

"Mama Annie," akaita kwa nguvu.

Mkewe akageuka na robota lake, akamtazama usoni, akacheka.

"Serge," Kambale alisema, "kibanda iko na mwenyewe."