Damu Ileile, Vipimo Viwili
…la kijivu hapana, limechanika kwapani, avae lile shati jeupe la Pasaka, na koti tutaazima kwa jirani Fransisko, ingawa koti la kuazima utamzikaje nalo mtu, Rozina aliwaza, akili imeshafika makaburini Milepa na mwili uko kwenye benchi la hospitali mjini Sumbawanga, mumewe Wilibrodi pembeni yake, mzima, anajikuna goti, na daktari Philipo anasema, “Mama Salome, damu ni ileile, lakini vipimo viwili vya insulini havikubaliani,” havikubaliani, wanaogombana ni watu, vipimo navyo vinagombea nini… cha kwanza walishaambiwa majibu yake, insulini imejaa tele wakati sukari imekwisha, basi huenda kuna uvimbe kwenye kongosho, apelekwe Mbeya akapasuliwe, na tangu hapo yeye usingizi haupati, kila akifumba macho anamwona tena alivyoanguka shambani, walikuwa wanafukia nyasi kwenye matuta zioze ziwe mbolea, mara jembe huku, mtu kule, jasho linamtiririka na ubaridi wote ule, akamwita, Baba Salome, Baba Salome, kimya… “kipimo cha kwanza kimedanganyika,” daktari anaendelea, “kinanasa insulini kwa kingamwili zilizotolewa kwa panya, na mzee damuni mwake ana kingamwili zinazoshikana na hizo za panya, mashine ikadhani ni insulini,” panya tena, Yesu na Maria, panya wameingiaje… “cha pili kinaitambua insulini kwa uzito wake wenyewe, nacho kimeikuta kidogo, inavyotakiwa sukari ikishuka, kwa hiyo uvimbe hatuna sababu ya kuushuku,” kidogo, amesema kidogo, hakuna uvimbe, hakuna kisu, Rozina akafanya ishara ya msalaba, asante Mungu, asante, lakini mbona alianguka, asianze kufurahi mapema… “Mzee, asubuhi ile ulikula nini?” “Sikula, daktari, ilikuwa Kwaresima, nilifunga tangu jana yake.” “Na kunywa?” “Kimpumu tu. Ule ni ulezi na maji ya moto, unafyonza kwa mrija, hutafuni kitu, hauvunji mfungo.” Daktari akainamisha kichwa, mabega yanacheza, kisha akajikaza, “Mzee wangu, ile ni pombe. Pombe, njaa na jembe, ini likashindwa kutoa sukari, ndiyo ikakuangusha,” na Rozina akasikia kicheko na kilio vinapanda pamoja, wiki zote hizi anamzika mtu kichwani, amemchagulia mpaka nyimbo, kumbe mtu alilewa huku amefunga, na furaha ikamjaa mpaka ikawaka, ikawa hasira, hasira tamu, akamgeukia palepale mbele ya daktari, “Wewe Baba Salome! Mzee mzima, unamfungia Mungu na mrija mdomoni? Huna hata haya?” na Wilibrodi, mkono bado uko gotini, akashusha pumzi ndefu, macho yamemlowa, akasema taratibu, “Afadhali, mke wangu. Ulivyoacha kunigombeza, nilijua nakufa.”